Mawaridi yanafika Tabora yakiwa yameinamisha vichwa: yatunzwe vipi kabla ya kupangwa?

MpambajiNgambo (Tabora)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Kazi yangu ni kupamba kumbi za sherehe na altare hapa Tabora mjini, na maua ninayoyatumia kwa wingi ni mawaridi yanayoletwa kwa basi kutoka Arusha, kwa njia ya Babati, Singida na Nzega. Hufungwa katika mafungu, yakazungushiwa karatasi ngumu na kulazwa ndani ya boksi bila maji, na tangu yanapokatwa shambani hadi ninapolifungua boksi hilo huwa zimepita saa nyingi, sehemu kubwa yake ndani ya buti la basi lenye joto.

Ninapoyafungua, petali huwa bado mbichi na zenye rangi nzuri, lakini majani yamelegea na matumba mengine yamepinda shingoni, sentimita chache chini ya ua. Niliowakuta katika kazi hii walinifundisha kuyatia mara moja kwenye ndoo ya maji baridi ya bomba, kuyaacha yanywe wakati meza zinaandaliwa, kisha kuyapanga. Baadhi huamka. Mengine huzidi kuinama usiku ule ule, kiasi kwamba ua lililopangwa Jumamosi mchana kwa ajili ya harusi halifai kubaki altareni kwa misa ya Jumapili asubuhi, na familia iliyotoa fedha zake ina haki ya kuuliza kwa nini. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hali huwa mbaya zaidi.

Naomba kujua kwa wenye uzoefu: je, maji yawe ya baridi au ya moto? Kila ninayemuuliza ana dawa yake. Mmoja anasema sukari, mwingine aspirini, mwingine sarafu, mwingine soda, na mafundi wengine hugonga ncha za mashina kwa nyundo wakiamini kwamba maji yatapanda kwa urahisi. Lipi kati ya hayo lina ukweli? Aidha, kama kuna maua yanayolimwa huku kwetu magharibi ambayo yanaweza kushika nafasi ya waridi katika miezi ya joto, ningependa kuyafahamu pamoja na namna ya kuyatunza.

MzeeBustani (Kigoma)

Binti yangu, nimelisoma swali lako kwa makini, kwa sababu kazi hiyo niliifanya kwa miaka mingi katika banda la kufungashia maua la shamba moja kule Usa River, kabla sijarejea nyumbani Kigoma. Kwa jinsi unavyoeleza, mawaridi yako hayajazeeka. Yana kiu, na maji unayoyapa hayafiki kwenye ua. Ni vyema kwanza uelewe kinachotokea ndani ya shina, maana ukishakielewa utaweza kuamua mwenyewe lipi la kufanya na lipi la kuacha.

Ndani ya shina mna mirija myembamba sana inayopitisha maji, na maji hayo hayasukumwi kutoka chini bali huvutwa kutoka juu na majani yanayopoteza unyevu hewani. Shina likikatwa, mvuto huo hauishi. Unaendelea, na kwa kuwa pale chini hapana maji tena, kinachoingia ni hewa, na hewa ikishakaa ndani ya mrija hukata mfululizo wa maji. Kizuizi cha pili ni bakteria, ambao huzaliana upesi katika maji yenye majani yanayooza na majimaji yanayotoka kwenye jeraha la shina, wakaziba midomo ya mirija kwa miili yao na kwa ute wanaoutoa. Shingo ya waridi ni sehemu changa ambayo bado haijawa ngumu; inasimama kwa nguvu ya maji yaliyomo ndani yake. Maji yakikosekana, hiyo ndiyo inayoanguka kwanza, na ndiyo sababu unaona petali nzuri juu ya shingo iliyopinda.

Kwa hiyo, boksi likifika, usiyafungue mafungu yako. Acha ile karatasi iendelee kuvishika vichwa vikiwa vimenyooka, kwa sababu ua likinywa maji huku limeinama, shingo hukaza ikiwa imepinda na hutaweza kuinyoosha tena. Chovya ncha za mashina katika beseni la maji, na zikiwa humo humo ndani ya maji kata sentimita 3 hadi 5, kwa kisu kikali au mkasi wa kupogolea unaokata bila kusaga. Mkasi wa karatasi huyabana mashina na kuisaga ile mirija unayotaka kuifungua. Watu husisitiza sana mkato wa mshazari. Faida yake ni kwamba shina halikai bapa kwenye kitako cha chombo na kujiziba, lakini mkato safi una uzito zaidi kuliko mshazari. Kuhusu nyundo, iache kabisa. Shina lililopondwa lina mirija iliyovunjika na vipande vya nyuzi vinavyooza, yaani limewaandalia bakteria chakula na makazi kwa pamoja.

Kisha yahamishie, bila kuyachelewesha hewani, katika ndoo ya maji ya vuguvugu yanayokaribia nyuzi 40 za Selsiasi, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Maji ya vuguvugu ni mepesi kupita katika mirija na yana hewa kidogo iliyoyeyuka ndani yake kuliko maji ya baridi. Usichanganye jambo hili na hewa ya chumba: mashina yawe kwenye vuguvugu, lakini vichwa viwe mahali penye ubaridi na kivuli, pasipo upepo wa feni, ili ua lisipoteze maji kwa kasi kuliko linavyoyapata. Maji yatapoa yenyewe. Yaache hapo kwa muda usiopungua saa 2, na kama ratiba inaruhusu, usiku kucha. Katika hatua zote, hii ya kupumzika ndiyo wapambaji wengi huiruka kwa sababu ya haraka za ukumbini, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko dawa yoyote utakayoitia kwenye maji. Agiza maua yafike Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi kwa kazi ya Jumamosi. Gharama ya kuyahifadhi usiku mmoja ni ndogo kuliko ya kununua mengine.

Majani yote yatakayozama ndani ya maji yaondoe kabla, lakini usilivue shina lote, kwa kuwa majani machache ya juu ndiyo yanayovuta maji kulipandishia ua. Miiba usiikwangue kwa kisu kuanzia juu hadi chini kama wafanyavyo wengi. Unachuna ngozi ya shina, na kila jeraha ni mlango mwingine wa bakteria. Ondoa ile tu itakayokuwa ndani ya maji na ile itakayomchoma bibi harusi.

Naongeza jambo moja kuhusu ndoo, kwa maana nimeona maua mazuri yakiharibikia humo. Ndoo ya maua ioshwe kwa sabuni na dawa ya klorini, ikasuguliwa kwa brashi mpaka ule utelezi wa ukutani uishe, kisha iwe safi kiasi kwamba wewe mwenyewe ungekubali kunywea maji yake. Ioshwe na kwa nje pia, hasa kitako, kwa sababu ndoo zikipangwa moja ndani ya nyingine, kitako kilichokuwa sakafuni kinagusa ndani ya ndoo inayofuata. Itumie ya plastiki. Ya bati huliwa na tindikali utakayoitia kwenye maji.

Na kwa kuwa uko Tabora, una neema ambayo sisi tulio kando ya ziwa hatuna kwa kiwango hicho: hewa yenu ya Septemba na Oktoba ni kavu. Chumba cha mkaa, yaani kibanda chenye kuta mbili za wavu zilizojazwa mkaa katikati na kumwagiwa maji mara kwa mara, hupoa vizuri mahali penye hewa kavu, kwa kuwa maji yanayokauka kwenye mkaa huondoka na joto. Kama huna kibanda, tundika magunia yaliyoloweshwa kwenye madirisha ya stoo yenye sakafu ya saruji. Ua hupumua kama kiumbe chochote kilicho hai, na kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya kupumua kwake huongezeka mara 2 au zaidi, nayo akiba yake ndogo ya sukari inaisha kwa kasi hiyo hiyo.

MamaAsumini (Ujiji)

Assalaam alaykum, mwanangu, na wote mliomo humu. Mzee ameeleza vizuri habari ya mashina, nami sitayarudia. Nitasema juu ya maji yenyewe na vinavyotiwa ndani yake, kwa sababu hapo ndipo penye maneno mengi ya mitaani.

Maji ya bomba tunayoyatumia Kigoma na Ujiji hutoka Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hili yana ualkali, kipimo chake cha pH kikikaribia 9. Maji ya namna hiyo ni salama kwa kunywa lakini hupanda polepole katika shina la ua, na bakteria huyapenda. Ua hunywa vizuri zaidi maji yenye uchachu, yaani yenye pH ya kati ya 3.5 na 4.5 hivi. Huko kwenu Tabora mnapata maji ya Ziwa Victoria kwa bomba, ambayo hayana ualkali mkali kama wetu, ila bado yatafaidika na uchachu kidogo. Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie kabisa kama una namna nyingine. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi ni mazuri mno.

Kipimo ninachokitumia, nacho kinafanana na kile kinachofundishwa na wataalamu wa maua sehemu nyingi, ni hiki: kwa lita 1 ya maji, tia vijiko 2 vya mezani vya maji ya ndimu yaliyochujwa, kijiko 1 cha mezani cha sukari, na robo kijiko cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia, ile ambayo wengi tunaiita jiki. Chagua isiyo na manukato wala sabuni ndani yake. Ndimu inaleta uchachu, sukari ni chakula cha ua ambalo limetengwa na mti wake, na klorini inazuia bakteria. Vitu hivyo vitatu vinategemeana. Sukari peke yake, kama wengi wanavyofanya, ni kuwalisha bakteria. Maji yatakuwa meupe na kunuka kabla ya siku ya pili kwisha, na ua litanyauka mapema kuliko lile lililowekwa kwenye maji matupu.

Nakusihi jambo moja la usalama, mwanangu. Klorini na ndimu, au klorini na siki, kamwe visikutane vikiwa vikali. Usivimimine katika kikombe kimoja ili uvichanganye kwanza, kwa sababu hutoa hewa ya sumu inayoumiza kifua na macho. Tia ndimu na sukari kwenye ndoo iliyojaa maji, koroga, ndipo utie kile kipimo kidogo cha klorini mwishoni, dirisha likiwa wazi, na watoto wawe mbali. Nguvu ya klorini hupungua kila saa, kwa hiyo mchanganyiko huu haukai. Tengeneza mpya kila baada ya siku 2, uoshe chombo, na ukate ncha za mashina kidogo tena.

Kuhusu yale mengine uliyoyataja: aspirini huongeza uchachu kidogo tu, nayo haina la kukuzidishia ukiwa na ndimu, sarafu haiyeyuki kwa kiasi cha kuua chochote. Soda isiyo na rangi, yenye ladha ya ndimu, ina sukari na tindikali ndani yake, hivyo sehemu 1 ya soda kwa sehemu 3 za maji, pamoja na matone machache ya klorini, inafaa unapokuwa ukumbini na huna ndimu wala sukari. Ile isiyo na sukari haina maana hapa.

Kwenye ndoo ya kwanza, ile ya kuyaamsha maua yaliyotoka safarini, mimi huacha sukari na kutia ndimu na klorini tu, kwa kuwa wakati ule ua lina haja ya maji kuliko chakula. Sukari naitia kwenye chombo cha mwisho, pale ninapotaka tumba lichanue. Zile petali za nje zenye michirizi ya kijani au makovu usizitoe shambani wala safarini, kwa kuwa ndizo zinazoyakinga yale ya ndani. Zitoe siku ya kupanga, moja moja, kwa kuivuta pembeni kwa kidole gumba huku umeshika kitako cha ua kwa mkono wa pili, la sivyo utalikata tumba zima.

Na hapo Tabora, mji wa miembe, nina neno kuhusu embe. Tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo hiyo inayoivisha embe na ndizi ndiyo inayolizeesha ua. Karnesheni ndizo zinazoathirika zaidi. Hujikunja ndani na kulala, hata zikiwa ndani ya maji safi. Waridi nalo huathirika, likadondosha petali au majani kabla ya wakati. Moshi wa kuni na moshi wa magari una ethilini pia. Basi chunguza boksi lako linasafiri na nini ndani ya buti, kwa maana likikaa usiku kucha karibu na tenga la maembe au mkungu wa ndizi, hakuna ndimu itakayolirudisha. Usilihifadhi stoo yenye matunda, na usiyaweke maua ya ukumbini karibu na jiko la wapishi wa harusi.

MpambajiNgambo (Tabora)

Shikamoo mzee, shikamoo mama. Nimesoma kila neno, na tayari nimezungumza na anayenitumia maua ili boksi lisafiri juu, pamoja na abiria, badala ya ndani ya buti, kadiri kondakta atakavyoruhusu.

Naomba ufafanuzi wa mambo mawili. La kwanza, yale ambayo yamefika shingo imeshapinda kabisa, je, yanaweza kuokolewa au ni ya kutupa? La pili, jirani yangu ana friji ya vinywaji ambayo huwa haijai katikati ya juma. Je, ni sahihi kuyalaza maua humo usiku?

MzeeBustani (Kigoma)

Marahaba, binti yangu. Usiyatupe kabla hujayajaribu. Kwanza gusa petali: kama ni ngumu na baridi chini ya kidole, ua lina uhai na kilichopungua ni maji, kama zimelegea na ncha zake zimeanza kubadilika rangi, hilo limekwisha. Yale yenye uhai yakate upya ndani ya maji, kisha yalaze yote mazima, shina, majani na ua, ndani ya beseni refu au bafu lenye maji ya vuguvugu kidogo, na uyaache yamezama kwa muda wa saa 1 hivi. Yaweke yamenyooka, unaweza kuyaegesha kwa kitambaa kizito kilicholowa ili yasielee. Maji huingia kwa njia ya ngozi ya shingo na petali pia, siyo kwa kupitia shina peke yake, na mara nyingi utaiona shingo ikijinyoosha humo humo. Yakishasimama, yafunge kwenye karatasi na uyarudishe katika ndoo. Ambalo halikuamka kwa njia hiyo, likate shina lake liwe fupi, sentimita 10 hivi, ulitumie kwenye bakuli la mezani. Njia ya maji ikiwa fupi, waridi ambalo lisingesimama katika chombo kirefu huweza kukaa vizuri siku kadhaa.

Friji ni nzuri kwa waridi. Mashamba huyahifadhi mawaridi katika nyuzi zinazokaribia 2, na friji ya vinywaji haiko mbali sana na hapo. Yasimamishe ndani ya ndoo yenye maji, yasiguse ukuta wa nyuma unaoganda, na pasiwe na tunda lolote ndani, hata ndimu ulizonunua kwa ajili ya dawa. Lakini angalia ni ua gani unaloliweka. Maua ya nchi za joto kama anthuriamu, okidi na helikonia huumia kwa baridi iliyo chini ya nyuzi 12 au 13 hivi, yakapata madoa meusi. Mrehani usiuingize kabisa. Majani yake hubadilika kuwa meusi usiku mmoja tu, na najua wengi mnaupenda kwenye vishada kwa ajili ya harufu yake.

ShambaniHeruJuu (Kasulu)

Shikamooni wazee wangu, na habari yako dada. Mimi nalima maua kidogo kwenye vilima vya huku Kasulu, ambako usiku ni baridi kuliko mjini Kigoma, na naomba nijibu lile swali la mwisho ambalo bado halijaguswa, la maua yanayoweza kushika nafasi ya waridi.

Kwa joto la Tabora, chaguo langu la kwanza ni zinia. Halihitaji friji, tena halipendi baridi, linavumilia safari likiwa ndani ya maji, na rangi zake zinapendeza altareni. Siri yake iko kwenye siku ya kukatwa. Shika shina kwa vidole, sentimita 20 chini ya ua, ulitikise taratibu: kichwa kikichezacheza juu ya shina, ua bado ni changa na litalala kabla hujafika nyumbani, shina likisimama kama limekazwa, kata. Zinia na dalia hazichanui tena kwa maana kubwa baada ya kukatwa, kwa hiyo dalia nalo likatwe likiwa limekaribia kufunguka lote, tofauti na waridi ambalo hukatwa likiwa tumba. Alizeti ikatwe pale petali zake zinapoanza kuinuka kutoka usoni, na majani yake mengi yaondolewe, kwa sababu ni mapana na hunywa maji yote yaliyokusudiwa ua. Sitii sukari kwenye zinia. Maji yenye klorini kidogo na yanayobadilishwa kila siku yanalitosha, kwa sababu shina lake huchafua maji upesi kuliko mengi niyajuayo.

Gladiola ndilo ninaloliuza zaidi makanisani. Likatwe likiwa na ua 1 au 2 tu ya chini yanayoonyesha rangi. Mengine yatafunguka yenyewe kupanda juu, nawe utayaondoa ya chini kadiri yanavyonyauka. Unapolikata, acha majani 4 shambani ili kitunguu chake kipate nguvu za msimu ujao. Lisafirishwe likiwa limesimama. Likilazwa, ncha yake hujigeuza kuelekea juu, na upinde huo haunyooki tena hata ufanye nini. Gladiola pia halipatani na maji yenye floraidi nyingi, kama yalivyo ya baadhi ya visima vya Singida na Shinyanga. Kingo za petali na majani hubadilika rangi kama zimeungua. Ukiona hivyo, tumia maji ya mvua kabla ya kumlaumu mkulima.

Wote tunakata alfajiri, kabla jua halijapanda, ndoo ya maji ikiwa pale pale shambani kando ya tuta. Ua lililokatwa saa 6 mchana limeshapoteza maji mengi, na hulirudishi katika hali ya lile la saa 12 asubuhi.

Kwa upande wa majani ya kujazia, huku Kigoma makuti machanga ya mchikichi yanapatikana kirahisi, na ukiyazamisha majini usiku mzima kabla ya kuyatumia hukaa kijani siku nyingi. Poinsetia, ambalo watu hulipenda Desemba, ni la jamii ya mnyaa na lina utomvu mweupe unaojiziba wenyewe pale lilipokatwa. Chovya ncha ya shina katika maji yanayochemka kwa sekunde 10 hadi 20, ua likiwa limefunikwa kwa karatasi ili lisipigwe na mvuke, ndipo ulitie kwenye maji ya kawaida. Vaa glavu, na usijiguse macho.

MpambajiNgambo (Tabora)

Ahsanteni sana. Kaka wa Kasulu, nitakutumia ujumbe kuhusu gladiola na zinia za harusi zinazokuja. Mama, limebaki moja ambalo sikulitaja mwanzoni: kwa altare hatutumii chombo cha maji bali ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua. Je, matunzo yanabadilika?

MamaAsumini (Ujiji)

Yanabadilika kidogo, mwanangu, na wengi hukosea kwenye kuilowesha. Jaza beseni kwa maji yale yale ya ndimu, sukari na klorini, uiweke sponji juu ya maji na uondoe mkono wako. Iache izame yenyewe, ibadilike rangi na kuwa kijani iliyokolea mpaka juu. Ukiisukuma kwa nguvu, nje italowa na katikati patabaki pakavu, na shina utakalolichomeka hapo litakuwa linanyonya hewa, ukaliona ua limeinama huku sponji ikitiririsha maji. Shina ulichomeke mara moja tu. Ukilivuta nyuma, hata kidogo, ncha yake inaachana na maji na kubaki ikining'inia kwenye tundu. Kama ni lazima ulihamishe, litoe, likate upya, ulichomeke mahali pengine. Sponji iliyotumika usiitumie tena, kwa kuwa ikishakauka hailowi sawasawa, na bakteria wa wiki iliyopita wamo ndani yake.

Maua yaliyo kwenye sponji yana maji machache kuliko yaliyo kwenye chombo, na hunywa zaidi siku ya kwanza. Ukipamba Jumamosi mchana, ongeza maji kwenye sinia jioni ile ile kabla kanisa halijafungwa, na uongeze tena alfajiri ya Jumapili kabla ya misa ya kwanza, ukimimina taratibu pembeni mwa sponji mpaka uyaone maji yamesimama ndani ya sinia.